Jua Litapatwa 2 Agosti 2027: Cheki Venye Inafanyika na Venye Utalinda Macho Yako

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Januari 15, 2010. Mimi nilikuwa mtoi wa darasa la sita huko Kayole. Jua lilikuwa limeshatoka fiti, watu wanakimbilia stage kama kawaida, halafu mwangaza ukaanza kuwa na kasoro. Haikuwa giza, na mawingu hayakuwa. Ilikuwa ni kama kuna msee mahali anapunguza stima pole pole. Hiyo siku mtaa mzima ulichelewa shule na job.

Kwa ploti yetu kila mtu alikuwa nje na kifaa chake. Mathe alikuwa ameshika eksirei ya mguu wa guka. Jirani wa juu alikuwa na sidii. Mama wa mboga alikuwa ameweka maji kwa karai na anaangalia jua humo ndani. Brathe yangu mkubwa hakuwa na kitu, so akakunja macho akaangalia hivyo tu. "Ni mara moja tu," alisema. Haikuwa mara moja.

Leo brathe ni fundi wa simu huko tao. Kwa jicho lake la kulia kuna kidoti hapo katikati, hakitoki. Akiangalia skrubu ndogo moja kwa moja, skrubu inapotea. Lazima aangalie kando kidogo ndio aione. Daktari wa macho alimwambia kwamba kale kasehemu ka jicho kalichomeka na hakatarudi. Kenye huwa kinamshangaza mpaka leo ni kwamba hakuskia uchungu wowote.

Nimekumbuka hii stori juu Jumatatu, Agosti 2, 2027, jua litapatwa tena na Kenya tutaliona likimegwa kipande mchana kweupe. Kabla hiyo siku ifike na vijana waanze kuuziana miwani za ovyo mtaani, wacha tuelewane hii kitu ni nini. Ukishaelewa venye jua, mwezi na dunia zimejipanga, utajua pia kwa nini brathe alichomeka.

Weka dunia kwa mkono wako

Vitabu vya shule vilituharibia hapa. Ile picha ya jua, dunia na mwezi zikiwa zimefinyana kwa ukurasa mmoja ni uongo wa kukosa nafasi. Wacha tuzipime upya, kilomita milioni moja iwe mita moja.

Chukua bano, ile ya kuchezea mchangani, ya upana wa sentimita 1.3 hivi. Hiyo ndio dunia. Mwezi ni punje ndogo ya ndengu, milimita 3.5. Iweke sentimita 38 kutoka kwa bano, yaani zaidi kidogo ya rula yako ya shule. Hapo kati hakuna kitu.

Jua sasa. Jua ni mpira wenye upana wa karibu mita 1.4, unafika mtu mzima kifuani. Na hauko hapo karibu. Ukiwa umesimama kwa goli moja ya uwanja wa kandanda, jua liko mita 150 mbele, yaani upite uwanja mzima, upite goli ya pili, na uongeze nusu uwanja ingine.

Ukitaka namba zenyewe, ziko hivi. Upana wa dunia ni kilomita 12,742. Wa mwezi ni kilomita 3,474. Wa jua ni karibu kilomita milioni 1.39. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, na jua kilomita milioni 149.6. Mwangaza wa mwezi hukufikia kwa sekunde 1.3. Ule wa jua huchukua dakika 8 na sekunde 20, so hilo jua unaliona sahii ni la dakika 8 zilizopita.

Sasa cheki hii bahati. Jua ni kubwa kuliko mwezi karibu mara 400. Lakini pia liko mbali kuliko mwezi karibu mara 400. Kwa hivyo ukiziangalia kutoka hapa chini, zinaonekana saizi moja. Ndio maana ndengu inaweza kuziba ule mpira wote. Ni vile kidole gumba chako kinaweza kuficha gorofa ya KICC ukiwa Uhuru Park.

Mwezi hauna stima yake

Mwezi ni jiwe. Hauwaki. Kenye unaona usiku ni jua limeupiga, halafu mwangaza ukarudi kwetu. Nusu ya mwezi huwa imeangaziwa kila wakati. Tofauti ni sisi tunaona kiasi gani ya hiyo nusu.

Mwezi ukiwa upande wa jua, ile nusu iliyoangaziwa inaangalia kule, sisi tunapewa mgongo wenye giza. Hapo tunasema mwezi hauko. Siku moja ama mbili baadaye unachomoza kaukingo kembamba magharibi baada ya jua kutua. Hako ndiko watu wa Pwani huwa wanakatafuta kwa macho Ramadhani ikiisha. Wiki moja hivi baadaye unaona nusu. Ukifika upande wa pili wa dunia, mkabala na jua, unaona uso mzima. Mzunguko wote ni siku 29 na nusu.

Watu wengi hudhani mwezi ukiwa nusu ni kivuli cha dunia kimeuziba. Zii. Kivuli cha dunia ni stori ingine, tutafika hapo.

Na kitu kimoja juu tunaishi karibu na ikweta: mwezi mwandamo wetu hulala kama mashua, ama kama mtu anacheka. Ule wa kwa bendera, umesimama wima kama herufi C, ni wa watu wanaokaa mbali na ikweta. Angalia mwezi ujao, utaona.

Mbona jua halipatwi kila mwezi?

Kama mwezi hupita upande wa jua kila siku 29 na nusu, si basi jua lingekuwa linapatwa kila mwezi? Swali fiti.

Jibu ni kwamba njia ya mwezi imeinama. Dunia inazunguka jua kwa njia moja tambarare, kama meza. Mwezi hauzunguki juu ya hiyo meza. Njia yake imepinda kwa digrii 5 hivi, so nusu ya safari yake uko juu ya meza, na nusu uko chini.

Digrii 5 zinaonekana ni kidogo, lakini rudi kwa bano na ndengu. Kwa umbali wa sentimita 38, hiyo ni kupanda ama kushuka kama sentimita 3 na nusu. Bano yenyewe ni sentimita 1.3 tu. So miezi mingi kivuli cha ndengu kinapita juu ya bano, ama chini yake, na kinapotelea huko angani. Hakuna mtu anakiona.

Kuna sehemu mbili tu penye njia ya mwezi inakata ile meza. Mwezi ukifika hapo wakati huo huo uko kati yetu na jua, kivuli kinatuangukia. Hiyo nafasi hutokea karibu kila miezi sita. Ndio maana kwa mwaka mmoja jua hupatwa mara mbili mpaka tano, dunia nzima ikihesabiwa.

Lakini kupatwa ni kitu kimoja, wewe kuwa penye kivuli kinaanguka ni kingine. Kile kivuli kizito cha katikati huwa kimekonda sana kikifika chini. Kinachora mstari wa upana wa kilomita mia na kitu, ama mia mbili na kitu, kinapita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa saa, na kimeenda. Ukiwa nje ya huo mstari unaona jua likimegwa tu. Ukichukua mahali popote duniani ukae hapo, wastani wa kungojea giza kamili ni zaidi ya miaka 300.

Kenya tumeona aina zote tatu

Hapa ndio tunaweza kujidai kidogo. Ukiacha kule kumegwa kipande tu, kupatwa kwa jua kuko kwa aina tatu, na zote zimepita hapa nyumbani.

Ya kwanza ni giza kamili. Juni 30, 1973, mwezi uliziba jua lote, na mstari wa kivuli ulitoka Afrika Magharibi, ukapita Sahara, ukafika eneo la Ziwa Turkana. Wakati huo ramani bado zilikuwa zinaliita Ziwa Rudolf. Wanasayansi walisafiri mpaka Loiyangalani na mitambo yao kungojea hizo dakika. Wale waliokuwa Sahara walipata dakika 7 na sekunde kadhaa, na hiyo ni ndefu sana kwa hii kitu. Kuna wengine hawakutosheka. Walipanda Concorde, ile ndege ilikuwa inapita kasi ya sauti, wakatoka Visiwa vya Canary mpaka Chad wakikimbizana na kivuli. Walikaa ndani ya giza dakika 74.

Ya pili ni pete, ile ya 2010 tuliiona Nairobi. Mwezi uliingia katikati ya jua kabisa, lakini haukutosha kuliziba. Ikabaki duara ya moto pande zote. Kwa nini haukutosha? Juu njia ya mwezi si duara kamili. Kuna wakati mwezi uko umbali wa kama kilomita 363,000, na kuna wakati unaenda mpaka kama 405,000. Januari 2010 ulikuwa umeenda mbali, so ulionekana mdogo. Na pia dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzo wa Januari, so jua lilionekana kubwa kidogo. Mfuniko mdogo, sufuria kubwa. Huko Bahari Hindi ile pete ilikaa mpaka dakika 11 na sekunde 8.

Ya tatu ni mchanganyiko. Jumapili, Novemba 3, 2013, kivuli kilianza kama pete huko Bahari ya Atlantiki. Juu dunia ni mviringo, kivuli kilipofika sehemu imetuna kikagusa chini, na pete ikageuka giza kamili. Kikapita Gabon, Kongo, kaskazini ya Uganda, na jioni kikaingia Turkana. Giza lilikaa sekunde chache tu. Nairobi tuliona jua limemegwa. So eneo la Ziwa Turkana lilipitiwa na giza mara mbili ndani ya miaka 40 hivi, na kuna miji mikubwa ya dunia haijawahi kupata hata moja kwa karne kadhaa.

Na ule mwezi mwekundu?

Kama ulikuwa nje usiku wa Septemba 7, 2025 na mawingu hayakukuharibia, uliona mwezi umegeuka rangi ya matofali kuanzia saa mbili na nusu usiku, kwa zaidi ya saa moja. Hapo mambo yaligeuka. Dunia ndio iliingia katikati, na kivuli chetu kikaangukia mwezi.

Kwa nini ulikuwa mwekundu, haukuwa mweusi? Mwangaza wa jua ulikuwa unapita pembeni mwa dunia, kwa hewa. Hewa hutawanya rangi ya bluu na kuacha nyekundu ipite ikipinda kuelekea kwa mwezi. Ni ile ile rangi ya jua likizama. Kenye ulikuwa unaona ni machweo na mapambazuko yote ya dunia wakati huo, yamepigwa kwa mwezi kama filamu kwa ukuta.

Na hiyo unaweza kuangalia na macho yako hivyo tu, usiku kucha ukitaka. Mwezi hauchomi. Usichanganye hizo mbili.

Agosti 2, 2027: nani ataona nini

Hiyo siku mwezi utakuwa karibu na dunia, so utaonekana mkubwa. Jua nalo litakuwa mbali kidogo, juu dunia huwa mbali na jua zaidi mwanzo wa Julai. Mfuniko mkubwa, sufuria ndogo. Kwa hivyo giza litakuwa refu: karibu na Luxor, Misri, litafika dakika 6 na sekunde 23.

Mstari wa giza utaanzia Atlantiki, upite kusini ya Uhispania, Morocco, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, uvuke Bahari ya Shamu uingie Saudia, Yemen, halafu uguse ile pembe ya kaskazini mashariki ya Somalia kabla ya kuingia Bahari Hindi. Jeddah na Makka ziko ndani ya huo mstari. Wakenya wengi wanafanya kazi huko Saudia. Kama uko na cuzo ama sista Jeddah, mpigie mapema. Atasimama tu kwa paa la nyumba, na mchana utageuka usiku mbele yake. Jua lote likishafunikwa, ataona nyota, na ule mng'aro mweupe unaozunguka jua ambao siku zingine hauonekani.

Hapa Kenya hatuko ndani ya huo mstari. Tutaona jua likimegwa mchana huo, kipande kikubwa zaidi ukiwa kaskazini, Mandera na Moyale, na kidogo zaidi ukiteremka Nairobi mpaka Mombasa. Giza hakuna.

Na hapo ndio kuna ngori. Msee wa Jeddah ako na dakika kadhaa za kutoa miwani, zile jua limezibwa lote. Wewe wa Nairobi hauna hata sekunde moja. Mwanzo mpaka mwisho, jua letu litakuwa linawaka.

Kwa nini jicho linachomeka bila wewe kujua

Siku ya kawaida huwezi kukodolea jua macho. Linakuuma, unageuka. Mwili unakulinda. Jua likipatwa, mwangaza unapungua, ile kuumwa inapungua pia, unaona uko sawa. Lakini ule ukingo umebaki unawaka vile vile. Lensi ya jicho lako inauchukua na kuukusanya mahali pamoja nyuma ya jicho, pale pale penye unatumia kusoma na kutambua sura. Uliwahi kuchoma karatasi na lensi ukiwa mtoi? Ni hiyo.

Na nyuma ya jicho hakuna neva za kuskia uchungu. Unachomeka ukicheka. Masaa baadaye, ama kesho yake ukiamka, ndio unaona kidoti. Kuna watu hupona baada ya miezi kadhaa. Kuna wengine, kama brathe, hawaponi.

So hizi zote zitupe:

- Miwani ya jua ya kawaida, hata kama ni ya bei na hata ukivaa mbili pamoja.
- Eksirei, filamu za picha za kitambo, sidii na kioo cha kupakwa moshi. Zinapunguza mwangaza unaoona, lakini miale usiyoiona inaweza kupita.
- Maji kwa karai. Mwangaza unapungua lakini hautoshi kupungua.
- Darubini ama kamera bila kichujio cha jua mbele ya lensi. Hii ni mbaya kuliko zote, inachoma mara moja. Na ukiwa umevaa miwani ya kupatwa, bado usiangalie kwa darubini. Itapita hiyo miwani pia.

Zenye zinafanya kazi:

- Miwani maalum ya kuangalia jua, yenye alama ya ISO 12312-2. Kwa sababu hata alama inaweza kuchapwa na mtu yeyote, ijaribu: vaa ukiwa ndani ya keja, angalia balbu. Ikiwa unaona balbu vizuri ama vitu vya nyumba, hiyo ni feki. Kenye kinafaa kuonekana ni jua peke yake. Na ikiwa na mkwaruzo ama katundu, itupe.
- Kioo cha barakoa ya kuchomelea, namba 14. Si kila kioo cha pale jua kali kiko hivyo. Muulize fundi akuonyeshe namba. Iko chini ya 12, achana nayo.
- Njia ya bure, na mimi naipenda kuliko zote: toboa katundu kadogo kwa kadibodi na msumari. Geuza mgongo kwa jua, shika kadibodi juu ya bega, na uangalie mwangaza unaopita ukianguka kwa karatasi nyeupe ama ukuta. Utaona jua dogo limemegwa. Usichungulie kwa hako katundu, angalia karatasi.

Kama hauna hata kadibodi, tafuta mti. Nafasi ndogo kati ya majani zinafanya kazi ile ile. Simama chini ya mwembe na uangalie chini: mchangani kutakuwa na majua mamia, yote yamemegwa. Chujio la jikoni pia linafanya hivyo. Watoi wanaipenda hiyo vibaya.

Hii bahati haitakaa milele

Mwezi unatuhepa. Kila mwaka unasonga mbali kwa sentimita 3.8, karibu kasi ya kucha zako kukua. Tunajua hivyo juu wanaanga wa Apollo waliacha vioo huko juu, na wanasayansi huvipiga na leza kupima umbali. Baada ya miaka kama milioni 600 mwezi utakuwa mdogo sana machoni hautaweza tena kuziba jua lote. Zitabaki pete tu. Sisi tumezaliwa wakati mfuniko unatoshea sufuria.

Nilimuuliza brathe kama 2027 atatoka nje. Akasema atatoka, na ameshaanza kumfundisha mtoi wake kutoboa kadibodi. Yule mtoi alimuuliza kwa nini wasiangalie tu mara moja haraka haraka. Brathe akamwambia achukue skrubu moja kwa meza, amshikie hapo mbele ya uso, halafu akafunika jicho lake la kushoto.

"Sasa niambie," akamuuliza, "hiyo skrubu umeshikilia iko wapi?"